Kila Mtoto Arudi Pahali Pake
Hotuba ya walimu siku ya kufunga mwaka wa shule, katika sikukuu za Jubilei ya Parokia

Tumeombwa, sisi walimu wa shule ya msingi ya Parokia, tuseme maneno machache siku hii ya kufunga mwaka wa masomo. Wakubwa wa Jubilei walitaka sikukuu mbili zikutane: Jubilei ya Parokia na proklamasio ya watoto. Kuna waliouliza kama inafaa kuchanganya mambo ya Kanisa na mambo ya makaye na pointi. Sisi tunaona inafaa sana, na tungependa kuwaeleza sababu.

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba katika mwaka wa 50 baragumu ipigwe katika inchi yote. Mwaka ule mtu aliyejiuza kwa sababu ya deni aliachwa huru. Aliyepoteza shamba la baba zake alirudishiwa. Kila mtu alirudi kwa jamaa yake. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya Jubilei, mbele ya nyimbo, mbele ya vikwembe vipya, mbele ya bukari na nyama. Jubilei ni kurudi. Watu waliohesabiwa kuwa wamepotea wanaonekana tena katikati ya ndugu zao. Papa Fransisko alitukumbusha maana hiyo alipofungua Jubilei ya Matumaini Desemba 24, 2024, na Papa Leo XIV aliifunga Januari 6, 2026, lakini kazi ya matumaini haikufungwa pamoja na mlango wa Basilika.

Basi, shule nayo inapimwa kwa kurudi. Leo tunasoma majina ya waliofaulu. Lakini hesabu ya kweli tutaifanya mwezi wa tisa, siku ya kwanza ya masomo, tutakapotazama mabenchi na kujiuliza: Nani amerudi? Nani hakurudi? Na juu ya nini?

HABARI ZA SIKU YA LEO

Kwanza tufurahi, maana furaha ya leo ni ya haki. Mumewaona watoto wakiingia uwanjani mistari miwili miwili, na nguo zao za buluu na nyeupe zilizofuliwa jana na kukaushwa juu ya moto kwa sababu ya baridi ya wakati huu. Mumesikia wimbo wao. Mumeona mchezo wao juu ya Msamaria mwema, ambamo yule aliyecheza mnyanganyi alipigiwa makofi mengi kuliko Msamaria mwenyewe! Tunawaombea wazazi wake wasiogope: nyumbani ni mtoto mpole.

Watoto wa kalasi ya kwanza wamesoma mbele yenu kwa Kiswahili, luga wanayoisikia nyumbani na sokoni Kikula. Sheria ya mafundisho ya Februari 11, 2014 inakubali luga za taifa zitumike kufundishia, na sisi tumeona faida yake kwa macho yetu: mtoto anayeelewa neno analolisoma hachoki upesi. Kifaransa kinakuja nyuma, nacho kinakuta nyumba imekwisha kujengwa msingi.

Watoto wa kalasi ya sita wamefanya mtihani wa taifa wa kumaliza masomo ya msingi. Mbele ya saa sita mtawaona wamemwagiwa poda nyeupe kichwani na dada zao, na mama zao watapiga vigelegele. Iwe hivyo. Mtoto aliyejifunza kwa taa ya mafuta wakati umeme umekatika anastahili poda na zaidi ya poda.

Lakini tunawaomba mtazame pia kule nyuma, karibu na ukuta. Wako watoto wanaosikiliza majina mpaka mwisho, na jina lao halisomwi. Watarudilia mwaka. Wako wengine ambao hawakuja kabisa leo, kwa kuwa hawana nguo ya kuvaa, ao kwa kuwa wanajua tayari matokeo yao. Hotuba yetu ni juu ya watoto hao zaidi kuliko juu ya wengine.

TULIPOTOKA

Mambo haya hayakuanza jana. Wazee wetu wanakumbuka wakati mji wetu ulipoitwa Jadotville, jina lililoachwa mwaka 1966 tuliporudilia jina la Likasi. Wamonaki wa Mtakatifu Benedikto, waliotoka abasia ya Saint-André ya Bruges, walipewa kazi ya Injili katika Katanga mwaka 1910. Walijenga kanisa na shule karibu karibu, maana waliona kwamba katekisimu bila kusoma ni mbegu juu ya jiwe. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitaka wafanyakazi, na watoto wa wafanyakazi walipata shule ndani ya makambi. Tusiwasifu watu wa wakati ule kupita kiasi: mtoto mweusi alifundishwa mpaka pahali walipotaka wakubwa, hakuruhusiwa kupita pale. Lakini alifundishwa, na wengi walioketi kwenye mabenchi yale ndio waliozaa baba zetu na kuwafundisha kusoma.

Mwaka 1974 Serikali ya Zaire ilizitwaa shule za Kanisa, na somo la dini likaondolewa. Februari 26, 1977 mkataba ulitiwa sahihi, na Kanisa likapewa tena kazi ya kuongoza shule zake, Serikali ikibaki yenye kuandika mpango wa masomo na kulipa walimu. Ndiyo sababu mpaka leo tunaitwa shule ya mkataba. Huo ulikuwa mrudi mmoja, na wazee wetu waliushangilia.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Mshahara wa mwalimu ulikuwa kama moshi: unauona, huushiki. Wazazi wakakubali kumlipa mwalimu kwa mikono yao wenyewe, kusudi shule isifungwe. Tunataka neno hili liandikwe katika kitabu cha Jubilei: Ni wazazi wa Kongo waliobeba shule mgongoni kwa zaidi ya miaka 25. Mama waliouza mkaa, baba waliotengeneza viatu njiani, ndio walioweka chaki mkononi mwetu. Kwa niaba ya walimu wote waliokwisha kutangulia mbele ya Mungu, tunasema: Aksanti.

Lakini mzigo ule ulikuwa na uchungu wake. Mzazi aliyekosa feza, mtoto wake alirudishwa nyumbani. Siku ya proklamasio, majina mengine hayakusomwa, kwani buletini ilifungwa ndani ya kabati mpaka deni lilipwe. Hivyo mtoto wa miaka nane aliwekwa rehani, kama wale Waisraeli waliojiuza juu ya deni. Na katika Likasi mambo yalizidi kuwa magumu wakati Gécamines, iliyokuwa baba na mama wa familia nyingi, ilipozaifika. Mwaka 2003 wafanyakazi karibu 10,000 waliiacha kampuni kwa mpango uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Pamoja na kazi ya baba, familia ilipoteza nyumba, hospitali na shule ya watoto.

BURE, LAKINI SI RAHISI

Katiba ya Februari 18, 2006, katika kifungu cha 43, inasema mafundisho ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima tena ni ya bure. Maneno yale yalingoja miaka 13. Kuanzia Septemba 2019 Serikali ilianza kuyatimiza, na shule zetu za mkataba zimo. Baragumu ilipigwa kweli kweli. Mamilioni ya watoto katika inchi yetu waliingia shuleni, na kati yao walikuwa vijana waliokwisha kupita miaka ya kalasi ya kwanza, wakiketi pamoja na wadogo zao bila kuona haya. Hatutausahau mwaka ule, wala mwezi wa tatu wa mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozifunga shule zote mbele ya watoto wale wapya kuzoea benchi.

Hatutaki kuwadanganya wageni wetu kwa kusema kwamba tangu pale yote ni mema. Kalasi zimejaa. Pahali pa watoto watatu wanaketi watano. Katika inchi yetu wako walimu wanaofundisha kila asubuhi bila jina lao kuwa kwenye orodha ya mishahara. Na kalasi ya bure haimpi mtoto kaye, wala viatu, wala uji wa asubuhi. Mzazi mwenye watoto sita anajua hesabu hii kuliko mwalimu wa hesabu.

Hata hivyo, kifungo kikubwa kimekatwa. Leo buletini ya mtoto wa shule ya msingi haiwezi kushikwa kwa ajili ya deni la kufundishwa. Kwa hiyo tunauliza tena: Kama deni halimzuii tena, mbona watoto wengine hawarudi mwezi wa tisa?

MIEZI MIWILI YA HATARI

Jibu liko katika konje kubwa. Tangu mwanzo wa mwezi wa saba mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa, mtoto yuko mbali na macho yetu. Katika miezi hiyo miwili ndipo anapopotea.

Wa kwanza anapotelea kwenye mashimo. Mji wetu umezungukwa na shaba na kobalti. Mtoto anakwenda siku moja na kaka yake kuosha mawe mtoni, anarudi na franka kidogo, mama ananunua unga. Siku ya pili anakwenda tena. Mwezi wa tisa ukifika, mfuko wake wa shule umekuwa mfuko wa mawe. Tunamwelewa mama yule, njaa haingoji proklamasio. Lakini tukumbuke Shinkolobwe. Mgodi ule, ulikotoka urani ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945, ulikuwa umekwisha kukatazwa na Serikali tangu mwanzo wa mwaka 2004, na watu waliendelea kuchimba. Ulibomoka mwezi wa saba wa mwaka uleule, ukaua watu. Mwezi wa saba, ndugu zetu, mwezi wa konje! Sheria ya Januari 10, 2009 inamlinda mtoto na kazi za namna ile. Lakini sheria haisimami kwenye mlango wa shimo. Ni sisi tunaopaswa kusimama pale.

Wa pili ni msichana. Katika konje anatumwa kwa shangazi kulea mtoto mchanga, na shangazi anamzoea. Ao anabaki nyumbani kuuza sokoni, na watu wanaanza kusema kwamba amekwisha kuwa mkubwa. Sheria hiyohiyo ya 2009 inakataza kumwoza mtoto. Wazazi wapenzi, msichana aliyefika kalasi ya tano na kuachishwa amenyimwa urizi wake. Mrudisheni.

Wa tatu ni yule anayerudilia mwaka. Huyu hakuna anayemfukuza, anajifukuza mwenyewe kwa haya. Nyumbani wanamwita mjinga. Mdogo wake amemfikia katika kalasi moja. Baba anasema kwamba hatapoteza kaye nyingine. Sisi tuliomfundisha tunawaambia: kurudilia mwaka si hukumu, ni mwaka wa kujenga ukuta ulioinama. Mara nyingi tumemwona mtoto wa namna hiyo akiwapita wenzake katika kalasi ya sita, kwani alijifunza uvumilivu mbele ya kujifunza sehemu za hesabu.

POINTI ZISIZONUNULIWA

Kuna njia nyingine ya kumpoteza mtoto, nayo inapita kwenye mlango wetu sisi walimu. Mzazi anakuja jioni, anasalimia vizuri, kisha anasema: Mwalimu, umsaidie mtoto apite. Mkononi ana kitu. Mwalimu naye ana watoto, na nyumbani chungu hakina kitu.

Kwa neno hili Kanisa limetupa msaada mkubwa. Juni 15, 2025, huko Roma, Floribert Bwana Chui alitangazwa kuwa Mwenye Heri. Alikuwa kijana wa Goma, mfanyakazi wa ofisi ya Serikali ya kuchunguza bizaa. Alikataa feza aliyopewa kusudi aache chakula kilichooza kiingie sokoni, na kwa ajili hiyo aliuawa mwaka 2007, akiwa na miaka 26. Tena kijana huyo, pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, aliwashugulikia watoto wa njiani kusudi waende shuleni. Pointi zilizonunuliwa zinafanana na chakula kile kilichooza: mtoto anakula, anashiba leo, na ugonjwa unaonekana miaka mitano nyuma yake. Tena kila pahali palipouzwa pamenyanganywa mtoto mwingine aliyestahili. Kwa hiyo mzazi akimwona mwalimu akikataa, asikasirike. Na mwalimu akiomba, mzazi asinyamaze: Baba Paroko na Direkta wana masikio.

Sisi walimu tunaye pia dada yetu, Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, aliyefundisha watoto wa shule ya msingi huko Bafwabaka, akauawa Desemba 1, 1964, na kutangazwa Mwenye Heri Agosti 15, 1985. Tunamkumbuka kama shahidi. Tusisahau kwamba mbele ya ushahidi wa damu alitoa ushahidi wa kila siku, mbele ya ubao mweusi.

BENCHI MOJA

Neno moja la mwisho juu ya kurudi, nalo ni zito, lakini Jubilei bila ukweli ni ngoma bila ngozi. Katika miaka ya 1992 na 1993 mji huu uliona mabenchi yakibaki wazi si kwa njaa wala kwa haya. Maelfu ya jirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, wakakaa kandokando ya stesheni ya gari la moshi, wakingoja njia ya kwenda katika inchi ambayo watoto wao hawakupata kuiona. Wengi walikufa pale na njiani. Kati yao walikuwa wanafunzi na walimu. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni baba na mama, na wengine wao wanaketi hapa pamoja nasi.

Hakuna hotuba inayoweza kurudisha yote. Lakini shule inaweza jambo moja, nasi tunaahidi kulilinda: Katika kalasi zetu mtoto haulizwi kabila lake mbele ya kuketi. Anaulizwa jina lake, na kama ana kalamu. Asiye na kalamu anapewa nusu ya kalamu ya jirani. Watoto waliogawana kalamu moja watasita kushikiana fimbo.

TUNAYOOMBA

Ndugu wapenzi, Jubilei itapita, mashada yatakauka. Kusudi isipite bure, tunaomba mambo manne.

Kwa jumuiya ndogo za kikristu za kila mtaa: Chukueni majina ya watoto wa shule wanaokaa katika njia zenu. Mbele ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, Agosti 15, mtembelee kila nyumba, muulize bila hasira kama mtoto atarudi, na kama hatarudi, kuna kizuizi gani. Mara nyingi kizuizi ni kaye tatu na jozi moja ya viatu. Jambo la namna hiyo jumuiya inaliweza.

Kwa Mapadri wetu: Jumapili moja ya mwezi wa nane, mhubiri juu ya watoto wanaorudi shuleni. Neno la mwalimu linaishia kwenye ukuta wa shule, la padri linaingia nyumbani.

Kwa wazazi: Msome buletini pamoja na mtoto, hata kama ninyi hamkusoma. Mwambieni awasomee kwa sauti. Mtoto anayesomea mama yake anajua kwamba masomo yake yana samani. Na aliyeshindwa msimpige leo. Mpeni bukari yake pamoja na wengine.

Kwenu watoto: Mliopita, msiwacheke waliobaki, mwaka kesho mnaweza kuhitaji msaada wao. Mlioanguka, inukeni. Wote someni kitu kila siku, hata karatasi iliyofungiwa karanga. Msaidieni mama. Msikaribie mashimo. Mrudi.

Baba Paroko mpenzi, siku ya kwanza ya mwezi wa tisa tutapiga kengele ya shule mapema kuliko siku zote. Tungetamani Parokia nzima iisikie kama Waisraeli walivyosikia baragumu ile. Tutakuwa mlangoni, na kitabu cha majina mkononi. Tutasoma tangu jina la kwanza mpaka la mwisho, polepole, na tutangoja jibu la kila mmoja.

Heri ya Jubilei kwa wote, na konje njema kwa watoto. Mungu awabariki.